Kapasita: usinunue kwa mikrofaradi na volti tu

Ukishazoea kushika kichomeo cha risasi, kazi utakayoletewa mapema hapa Tanga ni hii: kompyuta ya stesheneri inayojizima na kujiwasha yenyewe, au inayogoma kuwaka asubuhi mpaka uibembeleze. Fungua, tazama karibu na prosesa. Utaona kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi na kutuliza umeme. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa imevimba kama andazi, na pengine imetoa uchafu wa kahawia unaokula njia za shaba.

Kuijua mbovu ni kazi ndogo. Kasheshe ni kununua mbadala. Vijana wengi huingia dukani Ngamiani wakiuliza mikrofaradi (kipimo cha chaji inayoweza kuhifadhi) na volti, wanapewa kapasita ya redio yenye namba zilezile. Mashine itawaka, utalipwa, halafu mteja atarudi amenuna. Umeme wa prosesa hukatwa na kuunganishwa mara laki kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo kapasita ya pale inatakiwa iwe na ukinzani mdogo sana wa ndani, yaani ESR ndogo. Ya kawaida inachemka yenyewe. Taja ESR, na muuzaji akikutolea macho, nenda duka jingine.

Soma na nyuzi joto ubavuni. Joto likipungua nyuzi 10, umri wa kapasita hukaribia kuongezeka maradufu. Ya saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, inafika kama saa 32,000. Ya nyuzi 85 yenye saa hizohizo inaishia 8,000, hata mwaka haumalizi kama mashine haizimwi. Na joto letu la kaskazi, kwenye chumba kisicho na feni, unalijua.

Majina ya kuaminika ni Rubycon, Nichicon, Panasonic na Nippon Chemi-Con, yote ya Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bodi nyingi za kompyuta duniani zilikufa kwa sababu ya kapasita zilizojazwa kimiminika kibovu kilichozalisha gesi ndani, na mashine za enzi hizo bado zinaletwa. Ila jina hughushiwa pia, hivyo usiishie kwenye maandishi: pima kwa mita ya ESR kabla hujachoma.

Volti unaweza kupandisha, kushusha usithubutu. Pima kipenyo kwanza, maana yenye volti kubwa huwa nene na nafasi ni finyu. Mstari ubavuni ni upande wa hasi. Kwenye bodi usiamini rangi, kwani baadhi ya viwanda hupaka kinyume. Piga picha kabla ya kung'oa.

Badilisha kundi zima, hata zisizovimba, kwa kuwa zimekula joto pamoja. Bei hiyo mwambie mteja kabla hujawasha kichomeo. Ukimwambia baadaye, ataona umemzidishia.