Barua kwa mwanangu: zaka, na yule kuku wa bibi yako

Mwanangu Lusajo, ugonile.

Meseji yako niliisoma jana usiku nikairudia leo asubuhi. Mvua ya huku unaijua, tangu juzi haijakata, shamba halilimiki, nimekaa jikoni karibu na moto naandika kidogo kidogo. Baba yako anakusalimu, mguu unaendelea vizuri.

Umeniuliza hivi, kwamba Jumapili mhubiri wa huko Dar alisoma Malaki 3:8, pale Mungu anapouliza kama mwanadamu atamwibia, akasema asiyetoa zaka, yaani fungu la kumi la mapato yake, ni mwizi hata kama hela imeenda kwenye jambo jema, na wewe mwezi huu mshahara wote umeishia kwenye ada ya mdogo wako Atupele chuoni. Ukamalizia, "Mama, nimemwibia Mungu?" Nikaona umeiandika saa saba usiku. Mtu anayeuliza swali saa saba usiku hajalala vizuri.

Nitajibu. Ila unajua nitakavyoanza, tangu mkiwa wadogo nawaambia, soma mstari wa juu yake. Mstari haujazaliwa peke yake. Malaki hakuandika tatu nukta nane, namba za sura ziliwekwa kwenye miaka ya 1200 huko, na za mistari ya Agano Jipya zikaja 1551, watu walikuwa wanasikia maneno yote yakitiririka kama mtu anaongea. Kwa hiyo panda juu kidogo tu mpaka mstari wa 5. Pale Mungu anasema anakuja kuhukumu, anawataja wachawi na wazinzi na waapao uongo, alafu anawataja wanaomdhulumu kibarua mshahara wake na wanaomwonea mjane na yatima na mgeni. Mistari mitatu tu baadaye ndo zaka. Yaani kabla hajauliza nani ananiibia mimi, ameshauliza nani anamwibia mjane.

Alafu shuka mstari wa 10, ule ambao kila mtu anaujua wa madirisha ya mbinguni, usome polepole: leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu. Chakula! Zaka yao ilikuwa nafaka na divai na mafuta na mifugo, na ukienda Kumbukumbu la Torati 14 pale mwishoni utakuta kila mwaka wa tatu zaka inawekwa palepale mjini kwao ili Mlawi, yule mtumishi wa nyumba ya Mungu asiye na shamba, na mgeni, na yatima, na mjane, waje wale washibe. Washibe, imeandikwa hivyo. Mjane anatajwa kwenye zaka kama mtu wa kula. Nililisema hili kwenye kikundi cha akina mama mwaka jana, wengine wakaniangalia tu.

Na mi nikishafika hapo siwezi kuendelea bila kumkumbuka bibi yako.

Ilikuwa 1983, nipo darasa la sita. Miaka ile hata ninyi mmehadithiwa, sabuni haipo, sukari haipo, mafuta ya taa mnapanga foleni mnarudi na chupa tupu. Babu yako alikuwa amefariki mwezi wa tatu mwaka huohuo. Sasa kabla hajafa alikuwa ameandikisha ahadi ya ujenzi, si unajua zile ahadi, kanisa letu la kijijini lilikuwa linajengwa upya, kila nyumba ikaandikwa na kiasi chake. Baba kafa, ahadi haikufa. Ilibaki kwenye daftari.

Alhamisi moja mchana mzee mmoja wa kanisa akaja. Jina lake silitaji, watoto wake tunaabudu nao na hawana kosa. Akakaa pale kwenye kigoda cha babu yako, hilo nalo liliniuma, hajakaribishwa pale, akafungua daftari akamsomea mama deni mbele yetu watoto, alafu akamsomea na Malaki 3:8. Huohuo wako. Mama yangu alikuwa hajui kusoma wakati ule, alijifunza baadaye, kwa hiyo angepandaje mstari wa juu yake? Alipewa mmoja, akaamini ndo wote. Akasema ndaga, yaani asante, nimesikia.

Jumapili ikawa sikukuu ya mavuno. Wenye mahindi wakapeleka mahindi, ndizi mikungu kwa mikungu, maboga, viazi. Mama alikuwa na kuku mmoja kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, mtagaji, na huyo kuku ndo alikuwa chumvi yetu, ndo mafuta ya taa, ndo madaftari yangu ya shule, maana mayai yake tulikuwa tunauza. Akamfunga miguu kwa ganda la mgomba akambeba kwapani kwenda naye kanisani. Nilimfuata nyuma nalia kimyakimya, na yule kuku ametulia tu ametoa kichwa ananiangalia.

Baada ya ibada mnada. Hela hakuna kwa watu, kuku akaenda kwa bei ya kutupa kabisa, na aliyemchukua ni yule yule mzee aliyekuja na daftari. Sikatai, alilipa, hela ilihesabiwa mbele ya watu wote ikaingia kapuni, kwa sheria hamna kitu kilichoibiwa pale. Lakini kwa miezi mingi nilipokuwa naenda kuteka maji nilikuwa napita nyuma ya nyumba yao namwona kishingo wetu yupo na vifaranga. Tisa. Niliwahesabu.

Madaftari yangu yakaisha mwezi uleule. Mama akaenda pale kwenye ujenzi akaomba mifuko ya saruji iliyokwisha, akaikung'uta, akaikata akanishonea daftari kwa sindano ya gunia. Niliandikia hesabu karatasi ile mpaka mwisho wa mwaka, penseli ilikuwa inakwaruza na vumbi la saruji linaingia machoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya saruji mbichi ni hesabu za mafungu zinanijia.

Lakini ngoja nikuambie na upande mwingine maana nisipousema nitakuwa nakudanganya. Siku ile mama alirudi nyumbani anaimba. Njia nzima, kwa Kinyakyusa, sauti ya juu, kutoka kanisani mpaka kwetu unajua kilima kile. Akapika ndizi na maharage akatuita wote na watoto wa jirani. Tangu baba afe sikuwa nimemsikia akiimba. Sasa hapo utasema nini? Mi mtoto nalia kwa ajili ya kuku, na mwenye kuku anaimba.

Baadaye sana, nimeshaolewa, ndo nikajifunza kumsoma yule mjane wa Marko 12, aliyetia senti mbili kwenye sanduku la hekalu. Kila mtu anamhubiri kwenye harambee. Zile senti zilikuwa lepta, sarafu ndogo kuliko zote, mshahara wa kibarua wa siku moja ulikuwa dinari, na dinari ni lepta 128. Kwa hiyo alitoa moja ya sitini na nne ya kibarua cha siku. Chukua mtu anayechimba viazi, tuseme analipwa elfu kumi, igawe, haifiki hata mia mbili. Na ndo riziki yake yote pia, Yesu mwenyewe anasema.

Sasa soma mstari wa juu yake. Mstari wa 40, sentensi inayotangulia kabisa, Yesu anawasema waandishi, hao wenye mavazi marefu na viti vya mbele, kwamba hula nyumba za wajane. Hula nyumba za wajane! Alafu anakaa, anaelekea sanduku la hazina, na nani anakuja? Mjane. Soma na chini yake, sura ya 13 inaanza wanafunzi wanasifia mawe ya hekalu na majengo yake, Yeye anawaambia halitasalia jiwe juu ya jiwe, na kweli mwaka 70 Warumi wakalibomoa. Yule mama alitoa chakula chake kwa ajili ya jengo lililokuwa linaenda kuanguka.

Na angalia jambo moja, kwenye habari ya Msamaria mwema Yesu alimaliza kwa kusema nenda nawe ukafanye vivyo hivyo. Kwa huyu mjane hajasema. Anasema ametia zaidi kuliko wote, basi, ananyamaza. Alikuwa anamsifu? Au alikuwa anasikitika? Miaka mingi nimeamini alikuwa anasikitika, kwamba aliwaita wanafunzi waje waone nyumba ya mjane ikiliwa mchana kweupe. Lakini nikiisoma tena nasikia na sifa ndani yake, ipo, siwezi kuifuta kwa sababu tu ya uchungu wangu wa kuku. Labda mtu anaweza kusikitika na kusifu kwa pumzi moja. Mi mwenyewe nilimwangalia mama akipanda kilima anaimba, nikayasikia yote mawili.

Na kingine, usifikiri mama yako anaongea tu kama mtu wa pembeni. Mwaka wa sita huu natunza hazina ya akina mama, daftari liko kwangu, lile kabati la bluu. Najua bati ni shilingi ngapi. Najua mwinjilisti wetu anatembea kwa miguu mpaka mtaa wa juu kwenye tope hili. Kanisa lisilotolewa linakufa, hilo nalo ni kweli, hata kwenye Nehemia 13 Walawi waliachwa bila posho wakakimbilia kila mtu shambani kwake. Kwa hiyo sisemi zaka ni uongo. Hata Yesu pale Mathayo 23, wale waliokuwa wanatoa zaka mpaka ya mnanaa na bizari na jira huku wameacha adili na rehema na imani, hakuwaambia waache zaka, aliwaambia hayo iliwapasa kuyafanya na yale mengine wasiyaache.

Mwezi wa nne nilitumwa kwa mama mmoja wa mtaa wa chini, mjane, ahadi yake imebaki. Nilifika nikakaa, akanichemshia chai, daftari liko mkobani. Nilimaliza chai nikaaga. Sikulifungua. Kwenye kikao wakaniuliza nikasema sikumsomea. Kukawa na maneno kidogo, wengine walisema nimemnyima baraka. Na inawezekana! Hilo ndo linalonisumbua mwanangu, mama yangu angesema nimemnyima, mama yangu angetaka asomewe. Nani kanipa mimi ruhusa ya kuamua kwamba huyu asiimbe?

Basi, sasa ada ya Atupele. Kuna Marko 7, wale waliokuwa wanasema mali yangu ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasimsaidie baba wala mama, Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Nilitaka nikutumie huo mstari moja kwa moja ulale usingizi. Lakini soma juu yake, unazungumzia wazazi, hauzungumzii mdogo wako na chuo, na mi sitaki kuvuta andiko likafika mahali halijafika kwa sababu tu linanifaa. Yule mzee alivuta la kwake. Sitavuta la kwangu.

Mama, yaani bibi yako, nilimwambia 2009, miezi miwili kabla hajafariki. Miaka 26 nilikuwa nimemficha ile habari ya vifaranga niliowaona kwa yule mzee, nilikuwa naogopa itamharibia ule wimbo. Tulikuwa tumekaa hapahapa jikoni, nikamwambia, mama, yule kishingo alinunuliwa na fulani, nilimwona akiwa na vifaranga tisa. Akasema, "Nilijua." Kimya. Akaomba nimwongezee chai. Sikuweza kuuliza zaidi, na mpaka leo sijui ile nilijua ilikuwa ya amani au ya kidonda.

Kwa hiyo unataka ndiyo au hapana. Ninalo jibu, liko hapa mdomoni kabisa, nimelifuta mara tatu kwenye hii meseji. Nikiliandika utaenda nalo unasema mama amesema, na mtu mwingine atakuja na mstari mwingine utahama. Malaki yote ni sura nne tu, haikuchukui nusu saa, isome kuanzia juu, uone sura ya pili inavyoanza kwa kuwasema makuhani, alafu unipigie tuongee, usiku wowote, hata hiyo saa saba.

Nimefunga debe la maharage, litapanda basi la Ijumaa, nusu mpelekee Atupele hosteli, na mwambie risiti za ada azitunze vizuri. Kuku wapo sita saa hizi, mmoja kishingo. Ukija Desemba huyo msimguse.

Mama yako