Uliza Ujibiwe: Sokwe, magonjwa na vijiji kwa pamoja, nani atalipia?

SWALI: Shikamoo mhariri, pole na kazi. Mimi ni kijana wa Mwandiga hapa Kigoma, nina digrii ya kwanza ya wanyamapori na kwa sasa najitolea kwenye mradi wa utafiti, kazi yangu kufuata sokwe toka asubuhi na kujaza fomu za tabia. Shida ni kwamba kadiri ninavyokaa porini ndo naona fomu ya tabia peke yake haitoshi, sokwe wanakohoa natamani kujua wanaumwa nini na wameambukizwa na nani, halafu nikishuka kijijini nakuta watu wana malalamiko yao kuhusu mashamba na mipaka na hakuna anayewasikiliza kitaalamu. Nikitaka kuomba masta naulizwa wewe ni wa zuolojia, wa mifugo au wa mambo ya jamii, chagua moja. Na hela ndo kabisaa, mzee ni mvuvi wa dagaa. Je kuna ufadhili wa mafunzo ya kuchanganya fani namna hii kwa sisi tunaoanza? – *Mdau, Mwandiga*

JIBU: Marahaba mdau. Hilo la "chagua moja" lisikukatishe tamaa, wanaokuuliza hivyo wanatafuta tu idara ya kukusajili, na lazima usajiliwe mahali. Lakini kazi yenyewe ilishavuka mipaka ya idara zamani, na mfano uko hapohapo ukipanda boti Kibirizi kwenda Gombe. Mwaka 2009 jarida la Nature lilitoa utafiti wa sokwe wa Gombe kuhusu SIV, kile kirusi ambacho ni ndugu wa VVU, na ikaonekana sokwe wenye kirusi walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri uleule wasio nacho, wakati kabla ya hapo wengi waliamini hakiwadhuru kabisa. Sasa fikiria kazi hiyo ilihitaji nani na nani: watu wa porini wanaomjua kila sokwe kwa sura na mama yake ni nani, wanaookota kinyesi na mkojo bila kumgusa mnyama, watu wa maabara Marekani, mpatholojia wa kuchunguza mizoga, na mtu wa takwimu wa kuunganisha vifo na umri. Toa mmoja hapo uone kama kuna ugunduzi.

Haya, hela. Ukikaa unasubiri tangazo moja lililoandikwa "ufadhili wa kuchanganya fani kwa watafiti wachanga wa sokwe" utazeeka Mwandiga. Programu za aina hiyo zipo, Marekani walianzisha ya IGERT miaka ya 90 mwishoni, ikaja kurithiwa na NRT, serikali inakipa chuo hela kiwafundishe vijana wa PhD kwa fani mbili tatu kwa pamoja, nzuri sana, ila posho zake ni za raia na wakazi wa kudumu wa kwao. Nakwambia mapema usije ukapoteza mwezi mzima kuandika maombi ambayo hayakuhusu.

Njia inayofanya kazi kwa mtu kama wewe ni kukata gharama vipandevipande na kila kipande ukipeleke kwa mwenye nacho. Ada na posho ya kuishi ni kipande kimoja, na hapa DAAD, shirika la Wajerumani la kufadhili masomo, linasaidia masta na PhD kwenye baadhi ya vyuo vya hapahapa Afrika, nenda kaangalie orodha ya mwaka husika maana vyuo hubadilika. Ukitaka kwenda nje, Leakey Foundation wana mfuko unaitwa Baldwin, ni wa wanafunzi wa nchi kama zetu wanaosoma asili ya binadamu au nyani na sokwe, lakini wanataka chuo kiwe kimeshakukubali, kwa hiyo anza na chuo ndo uende kwao. Kazi ya porini ni kipande kingine, Rufford ya Uingereza inatoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa awamu na inawapenda wanaoanza, ila usiwaombee ada, hawalipi ada, watu wengi hutupwa nje kwa kosa hilo tu. Upande wa magonjwa nenda Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kuna kituo cha utafiti wa magonjwa kinaitwa SACIDS, wale shughuli yao ndo hiyohiyo ya afya ya watu, mifugo na wanyamapori kwa mkupuo, na kwa maoni yangu kwa swali lako wewe hapo ndo pa kugonga kwanza kabla hujaota mambo ya Ulaya. Kozi fupi usizidharau pia, chama cha kimataifa cha wataalamu wa nyani, IPS, huwa kina mafunzo kabla ya kongamano kwa watu wa nchi zenye wanyama hao, na Waafrika sasa tuna chama chetu cha APS kilichofanya kongamano la kwanza Ivory Coast mwaka 2017 na la pili Entebbe 2019. Entebbe sio mbali jamani.

Kwenye kuandika, usiandike "nataka kusoma sokwe, magonjwa na jamii", hiyo mfadhili anaisoma kama mtu asiyejua anachotaka. Andika swali moja ambalo haliwezi kujibiwa na fani moja. Mfano, je vikohozi vya sokwe vinaongezeka msimu ambao watu wengi wanaingia msituni? Hapo daftari lako la tabia linahitajika, sampuli zinahitajika, na mahojiano na akina mama wanaookota kuni yanahitajika, na hakuna atakayekuuliza kwa nini unachanganya. Tafuta na supavaiza wawili, mmoja wa mifugo mmoja wa tabia, wakubali kwa barua.

Kwenye bajeti usisahau vibali. Utafiti wa wanyamapori unapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, nao wana utaratibu wao, hifadhini kuna TANAPA wanaosimamia hifadhi za taifa, na kama sampuli inatoka nje ya nchi kuna kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, maana sokwe yuko kwenye orodha ya kwanza kabisa. Vijana wanaweka hela ya boti na chakula, wanasahau miezi ya kusubiri karatasi, ruzuku inaisha wako mjini Mwanga wanakunywa chai.

Nina jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mwaka 1960 Jane Goodall, yule mtafiti maarufu wa sokwe, alishuka Gombe hana digrii, na miezi ya mwanzo ililipwa na dola 3,000 za mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Leighton Wilkie. Mwaka 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa pale na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa, ni wasaidizi Watanzania walioendelea kukusanya data, na ndo maana leo dunia ina kumbukumbu ndefu vile. Kwa hiyo mradi unaokutumia bure toka asubuhi, uulize waziwazi, kwa adabu lakini waziwazi: kwenye maombi yenu yajayo kuna mstari wa ada ya mwanafunzi wa hapa? Waulize wakati wanaandika, maana hela ikishapitishwa kuongeza mstari ni kazi. Mimi naona ni haki kabisa kuomba, na miradi mingine itafurahi kwa sababu wafadhili wengi siku hizi wanauliza wenyeji wanafaidikaje.

SWALI: Mimi ni afisa mifugo Urambo, Tabora, nina miaka 34 na sokwe sijawahi kumwona kwa macho. Naweza kuingia huko au nimechelewa? – *Msomaji wa Urambo*

JIBU: Hujachelewa, na sokwe wala hawako mbali sana na wewe. Misitu ya miombo ya Ugalla ndo mwisho wa mashariki wa sokwe duniani, wanaishi kwenye pori kame lisilofanana na msitu wa Mahale, na wafugaji wanazidi kusogea upande huo, ambapo wewe unajua kitu ambacho mtu wa tabia hajui, yaani ng'ombe. Wanaopewa jina la "watafiti wachanga" mara nyingi huhesabiwa kwa miaka tangu digrii ya mwisho, umri wa kuzaliwa wengi hawaugusi, soma masharti ya kila mfuko. Ila kabla ya yote kaongee na halmashauri kuhusu ruhusa ya masomo, ukipata barua ya mwajiri inayosema utarudi kazini iambatanishe kwenye kila ombi.