Matundu Manane: Kwa Mashirika Madogo Yanayoomba Ruzuku za Makampuni

Simu ya kutuambia kwamba tumepata ruzuku ya kujenga vyoo vya shule ilinikuta stendi ya Muheza, mkoani Tanga, nikisubiri gari la kupanda Amani. Ndani ya miaka miwili nilikuwa nimeandika maandiko manne ya mradi na yote yalikataliwa. Hili lilikuwa la tano. Nililia pale pale, hadi mama muuza machungwa akaniuliza kama nimefiwa.

Tangu siku ile nimepigiwa simu nyingi na wenzangu wa mashirika madogo wanaotaka kujua tulifanyaje. Nimechelewa kuandika kwa sababu jibu la kweli linaanza na kosa, na kosa lenyewe tulilifanya katika furaha ile ile: tulikubali fedha pungufu kwa kazi ambayo haikupungua kiasi hicho.

Shule tuliyoiombea ilikuwa na wasichana 214 na matundu matatu ya choo. Mwongozo wa Serikali ya Tanzania unataka tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Piga hesabu, wasichana peke yao walihitaji matundu 11. Ndivyo tulivyoandika: matundu 11, chumba cha kujistiri, kichomea taka, tenki la maji, posho ya msimamizi wa ujenzi, na fedha kidogo za fundi wa matengenezo kwa miezi 24. Bajeti iliporudi kutoka kwa taasisi ya kampuni iliyotufadhili, matundu yalikuwa manane. Msimamizi alikuwa amefutwa, na fundi wa matengenezo naye amefutwa. Bango la chuma na hafla ya makabidhiano vilibaki kama vilivyokuwa. Bodi yetu ilikaa jioni moja tu. Tulisema tusije tukapoteza hata hiki kidogo. Nikasaini.

Vyoo vilijengwa, na vilikuwa vizuri. Lakini likizo ya Juni koki ya tenki ilivunjika, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuitengeneza. Nilipopanda tena Septemba nilikuta matundu matatu yamepigiliwa misumari na wasichana wa darasa la sita wanakwenda kwenye migomba nyuma ya nyumba ya mwalimu. Bango lilikuwa bado linang'aa, jina la mfadhili juu, jina letu chini. Mwalimu mkuu hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, hatukujua tumpigie nani." Maneno hayo bado ninayo.

Kilichoniuma zaidi nilikijua mwaka uliofuata, nilipokutana na afisa miradi wa taasisi ile ile. Nilimweleza yaliyotokea baada ya mstari wa fundi kufutwa. Akanisikiliza, kisha akaniambia kwamba wao hufuta mistari ya aina hiyo kwa mazoea, na kwamba kama tungepiga simu tukaeleza sababu angelirudisha suala hilo kwenye kamati. Mlango ulikuwa wazi, sisi hatukugonga. Kwa hiyo ukirudishiwa bajeti iliyokatwa, usisaini siku hiyo. Omba siku tano. Kaa na mhasibu wako na fundi wako, mwandike ukurasa mmoja: kwa fedha hizi tunaweza kujenga kiasi hiki, kwa ubora huu, na kitatunzwa hivi. Kama fedha imepungua, kazi nayo ipungue. Matundu matano yenye mtu wa kuyatunza yana faida kuliko manane yanayokwenda kupigiliwa misumari.

Jambo la pili linahusu chanzo cha fedha, na hili wengi wetu hatuliulizi. Taasisi zote huonekana sawa kwenye tovuti zao, ila mifuko yao haifanani kabisa. Mastercard Foundation, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 2006 kwa hisa ambazo kampuni iliitolea, na ina bodi yake inayojitegemea. Hiyo ina akiba yake. Taasisi nyingi za makampuni ya hapa kwetu husubiri mgao wa kila mwaka kutoka kwa kampuni mama. Kampuni ikipata mwaka mbaya, taasisi nayo inapata mwaka mbaya, na ahadi ya "tutaangalia awamu ya pili" inayeyuka bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Ukijua hivyo huwezi kuajiri watu wawili kwa kutegemea awamu ya pili. Vilevile kampuni moja inaweza kuwa na milango miwili: kule Kenya, Safaricom Foundation ilianza 2003, na M-PESA Foundation ikaanza 2010 ikiwa chombo tofauti. Andiko likipelekwa mlango usio wake, linakaa mezani mpaka muda unakwisha.

Na kalenda. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Shirika dogo la vijijini linaishi na kalenda nne kwa wakati mmoja. Serikali, pamoja na halmashauri zake, hufunga mwaka Juni 30. Benki nyingi hufunga Desemba 31. Safaricom na Vodacom hufunga Machi 31. Shule inaanza Januari. Juu ya hizo zote kuna mvua, ambayo haimsikilizi mhasibu yeyote: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Sasa angalia. Kampuni inayofunga Desemba hugundua Septemba kwamba ina fedha ya miradi ya jamii haijatumika. Mkataba unasainiwa Oktoba, fedha inaingia Novemba, na ripoti inatakiwa kabla ya Krismasi. Huku kwetu Usambara Mashariki, Novemba barabara ya Amani ni utelezi mtupu. Lori letu la saruji lilikwama kwenye kona usiku kucha, mvua ikapita kwenye turubai, tukapoteza mifuko 40. Hakuna mstari wa bajeti unaolipa mifuko 40 iliyogeuka mawe.

Siku hizi, kabla sijaandika neno la kwanza la andiko, namuuliza afisa mwaka wao unafungwa lini, kamati yao inakaa lini, na fedha hutoka baada ya wiki ngapi. Kisha nahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mvua. Kama ujenzi unaangukia Novemba au Aprili, naandika wazi kwamba tutanunua na kupandisha vifaa kabla, tutajenga mvua zikikatika, na naomba mkataba uvuke mwaka wao wa fedha. Wawili waliniambia haiwezekani. Nikawashukuru na kuacha. Wa tatu alisema inawezekana, na hakuna aliyewahi kumwomba.

Barua ya kuridhia mradi kutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri iombe mapema mno kuliko unavyodhani. Ukigusa shule ya Serikali utahitaji pia Afisa Elimu Msingi, na mhandisi wa halmashauri aipitie ramani. Sisi ilituchukua wiki saba.

Kuhusu sheria na kodi nitasema yale tu yaliyotuumiza. Kusajiliwa kwa Msajili wa NGOs hakukupi msamaha wa kodi. Hadhi ya taasisi ya hisani unaiomba Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa barua na nyaraka zako. Ukiipata, itaje ukurasa wa kwanza wa andiko, kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inairuhusu kampuni kukata michango ya hisani kwenye hesabu ya kodi hadi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara, na watu wa fedha wa kampuni hulitazama hilo kabla ya kutazama picha zako. Profoma za vifaa, yaani ankara za makadirio ya bei, hakikisha zimeandikwa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Sisi tuliletewa ya saruji na mabati bila VAT, tukaja kulipa asilimia 18 ambayo hatukuiomba. Na mkataba ukizidi shilingi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinataka uupeleke kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusaini. Weka tarehe hiyo ukutani siku ile ile ya kusaini.

Halafu kuna risiti. Kampuni itataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila kitu, na ina haki. Lakini mzee anayeponda kokoto kwa nyundo kando ya barabara na kuziuza kwa lundo hana mashine hiyo, na wale vijana wanaobeba mchanga kutoka mtoni pia hawana. Tukilazimika kununua kokoto mjini kwa sababu ya risiti, tunalipa usafiri mkubwa na kumnyima mzee wa kijijini riziki kwa ajili ya choo cha mjukuu wake. Lizungumze kabla ya mkataba. Sisi sasa tuna kipengele kinachosema kwamba vifaa vya kijijini, kwa kiwango tulichokubaliana, vitathibitishwa kwa hati ya malipo yenye sahihi ya muuzaji, namba yake ya simu na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Mkaguzi alikubali kwa sababu kilikuwa kimeandikwa. Tungekileta baada ya matumizi, angekikataa.

Mfadhili akiuliza "ninyi mnachangia nini?", msione aibu wala msiandike sifuri. Andikeni nguvu za wananchi. Kuchimba shimo, kusomba mawe, kuteka maji, vyote vina bei. Daftari la mahudhurio likiwa na majina na siku, vyote vinaingia kwenye bajeti kwa shilingi. Kijiji kile kilichimba mashimo kwa siku 11, na mwaka wa kwanza sikuandika popote. Niliwakosea heshima wale watu kwa kutowahesabu.

Sasa jambo ambalo sitalegeza. Siku chache kabla ya makabidhiano nilipigiwa simu na mtu wa mawasiliano wa kampuni. Alitaka msichana mmoja asimame mbele ya kamera aeleze jinsi alivyokuwa anakosa shule siku zake za hedhi, na picha yake akiwa karibu na choo cha zamani. Nilikataa. Yule mtoto ana miaka 13, anaishi kijiji ambacho kila mtu anamjua, na video hiyo ingemfuata mpaka siku ya harusi yake. Tulipendekeza mwalimu wa kike aeleze, na watoto wapigwe picha kwa mbali wakiwa kundi, kwa ridhaa ya wazazi iliyoandikwa. Walinuna, kisha wakakubali, na video ikawa nzuri. Tangu hapo sharti hilo liko kwenye andiko lenyewe, ukurasa wa tatu, ili atakayeliona gumu ajue mapema. Bodi yetu pia imeandika orodha ya fedha tusizopokea, za pombe, sigara na kamari, kwa kuwa tunafanya kazi na watoto. Fanyeni uamuzi wa namna hiyo mkiwa hamna njaa.

Na ukikataliwa, piga simu. Uliza kwa upole ni kipi kilichopungua. Kati ya maandiko yetu manne yaliyokataliwa, mawili yalianguka kwa sababu hesabu zetu zilikuwa hazijakaguliwa na mkaguzi wa nje, jambo ambalo tungelitengeneza kwa miezi mitatu. Moja lilianguka kwa sababu taasisi ile huendesha miradi yake yenyewe na haitoi ruzuku kwa mashirika kabisa. Nilikuwa nimeandika kurasa 26 kwa watu wasiotoa.

Tulirudi kwenye ile shule. Mwaka jana tuliandika ombi jipya la kukarabati matundu manane na kuongeza matatu, na mstari wa fundi wa matengenezo ukawa wa kwanza kwenye bajeti, juu ya saruji. Taasisi ya kwanza ilikataa. Ya pili ilikubali lakini ikaufuta mstari ule. Safari hii nilipiga simu asubuhi yake, nikamsimulia afisa habari ya koki na migomba, nikamtumia picha ya misumari. Waliurudisha nusu: miezi 12 kati ya 24. Nusu iliyobaki kamati ya shule imesema itaitoa kwenye mdalasini wa shamba la shule, na mama mmoja wa kamati amejitolea kutunza funguo na namba ya fundi. Namba hiyo imeandikwa kwa rangi ukutani, ndani ya choo, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiona.