Jibu kwa aliyeuliza kuhusu kijumba cha wageni shambani Lushoto

Kaka, umeuliza mbao au tofali kwa chumba kimoja cha mita 4 kwa 5. Mimi ningeanza na mteremko. Ukichimba kitako mlimani, yaani sehemu tambarare ya kukalia nyumba, udongo unaoutoa usiumwage mbele halafu ukajenga juu yake. Kifusi hushuka masika ya kwanza tu, na ukuta unapasuka kuanzia pembe ya dirisha. Nyumba nzima ikae kwenye udongo mgumu uliokatwa, na nyuma yake uchimbe mtaro wa kupitisha maji ya mlimani.

Msingi jenga kwa mawe, uinuke walau sentimita 45 juu ya ardhi. Kuta weka tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine na kushikana zenyewe. Hazichomwi, kwa hiyo hukati miti, na misitu ya Usambara imeshakatwa vya kutosha. Ila zimwagiliwe maji na kufunikwa wiki nzima kabla ya kujengea. Mafundi wengi wana haraka hapo, simama nao. Mbao ziachie paa, na ziwe zimetiwa dawa, maana mchwa hawasubiri.

Bati litokeze nje ya ukuta sentimita 60, kisha funga mifereji na tanki. Paa la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 300, wageni wanaoga.

Choo kiwe chini ya kisima kwa mteremko, mita 30 au zaidi.