Maisha ya bibi yetu tuyaandikeje?

SWALI: Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Kibokoni hapa Mombasa, alifariki majuzi, na jamaa wameniagiza niandike maisha yake ili yasomwe siku ya arubaini. Kila nikishika kalamu napata tarehe mbili tatu tu, ilhali mtaa mzima ulimjua: alikuwa somo (kungwi) wa maharusi, muosha maiti za wanawake na mshika fedha wa chama. Hata mwaka aliozaliwa hatuujui kwa yakini. Nianzie wapi?
Mjukuu, Kibokoni

JIBU: Pokea pole zetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka wa kuzaliwa usikuhangaishe. Wengi wa rika lake hawakuandikiwa vyeti. Ukiambiwa kwamba alikuwa amekwisha vunja ungo bendera ya Kenya ilipopandishwa Desemba 1963, andika hivyo hivyo, wala usibuni tarehe.

Habari zake hasa ziko kwa wanawake wenzake. Watembelee wale aliowafunda, ambao huenda leo nao ni mabibi, na usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, kwa maana utajibiwa kwamba alikuwa mwema, neno ambalo kila marehemu husemewa. Uliza alikuja na nini mkononi msiba ulipowafika. Uliza ni nani aliyetumwa kumwamsha usiku, na alichukua muda gani kutoka. Sanda ya mwanamke huwa nguo 5, na anayezikata lazima awe na mkono usiotetemeka huku mabinti wa marehemu wakilia kando yake. Kwa maoni yangu, kisa kimoja cha namna hiyo kinashinda ukurasa mzima wa sifa.

Fungua pia sanduku lake la leso, yaani khanga. Pengine utakuta yenye chapa ya K.H.E. “Mali ya Abdulla”, duka la Biashara Street lililoanza mwaka 1887. Jina la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, halitakutajia mwaka, lakini jirani akiishika atakumbuka ilikuwa sare ya harusi ya nani, na hapo mazungumzo yatajiendesha yenyewe. Kama alicheza lelemama, ile ngoma ya wanawake, ulizia chama chake na mahasimu wao pia, kwani vyama hivyo vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo, na humo wanawake wengi wa Mombasa walijifunza kuongoza na kuchangisha.

Daftari la fedha likipatikana, litazame kwa makini: nani alisamehewa mchango, nani alikatwa jina. Ikiwa alikuwa mkali kwa wachelewaji, usiufiche ukali huo; waliochelewa watakuwa wamekaa papo hapo mkekani.

Andika maneno ya dakika 5, yasizidi, kwani sinia za pilau hazingoji. Kabla ya siku yenyewe, msomee shoga yake wa karibu zaidi, na akicheka mahali usipotarajia, mwache acheke, kisha umuulize sababu.