Maswali ya Wasomaji: Boti Yangu Inaliwa Tumbo Pwani, Nishike Lipi?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Jambiani, Unguja, nina boti ya faiba futi 22 nilinunua mwaka jana, natembeza wageni na siku zingine navulia. Naieka hapohapo mbele ya kijiji ndani ya mwamba, maji yakitoka inakaa mchangani yakijaa inaelea yenyewe. Juzi nimeilaza naikuta mkuku (uti wa chini wa boti) umechubuka mpaka nyuzi za faiba zinaonekana, alafu ubavu wa kulia kuna ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja. Wenzangu wengine wananambia mchanga ndo unaila, niivute juu kila siku, wengine wananambia niitie nanga nje kwenye maji mengi. Nishike lipi?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwanza hiyo boti usiirudishe majini hata kwa safari moja, nyuzi zikishakuwa wazi zinanyonya maji na ukiendelea nayo hivohivo utakuja kutengeneza pakubwa.

Sasa mchanga. Boti ikishakaa chini imetulia haiumii, na ikielea haiumii, inaumia pale katikati. Nakuomba siku moja maji yanapoanza kujaa ushuke usimame pembeni yake, eka kiganja ubavuni usikilize. Wimbi linaiinua kiasi cha kidole linaiacha, du. Linaiinua tena, du. Mkononi unaisikia boti nzima inatetemeka mpaka kwenye mashine. Hapo kuna uzito wote wa boti, mashine, tangi la mafuta na maji uliyosahau kuyakumba, vyote vinaanguka kwenye kipande cha mkuku kisichozidi upana wa mkono wako. Ikigonga nusu saa maji yanapotoka na nusu saa yanaporudi, na maji yanatoka na kurudi mara mbili kwa siku, basi hesabu yake ni saa 2 kila siku boti inapigwa nyundo na wewe uko nyumbani unakula. Ndo maana mkuku umechubuka.

Na watu wengi wanaogopa bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, lakini mimi nakwambia maji mafu, yale madogo ya katikati, yaangalie zaidi. Bamvua kwetu maji yanapanda na kushuka karibu mita 4 kwa saa 6 na kitu, kwahiyo yanapita haraka, boti inagonga kidogo imeshakaa au imeshaelea. Maji mafu yanasogea polepole mno, na kama umeieka mahali ambapo maji yakitoka yanabakia ya kufika magotini tu basi itagonga na kugonga hata masaa, na msimu wa kusi ukivuma ndo kabisa. Siku za maji mafu ama isogeze nje ielee moja kwa moja ama ipandishe juu zaidi maji yakiwa yamejaa ikae ngumu. Pale pa katikati usiiache.

Huo ufa wa ubavuni ni ishu nyingine. Mchanga haupasui ubavu, hapo imekalia kitu kigumu, na mimi naanza kushuku nanga yako mwenyewe. Nasema hivi kwasababu yalinikuta. Nilifunga boti kamba fupi, maji yakasimama upepo ukakata, boti ikarudi ikaelea juu ya nanga, maji yakatoka ikashuka taratibu juu ya jino la nanga. Asubuhi nimeikuta imeinama upande mmoja, nilipochimba mchanga kwa mkono nikalishika lile jino limeshaingia. Nililia kwa kweli. Nenda kaiangalie nanga yako, ukikuta ina rangi ya boti kwenye jino jibu unalo.

Dawa yake ni nanga mbili. Moja ya omo, yaani mbele ya boti, unaitupa kule mawimbi yanakotoka, kamba ndefu, nyingine ya tezi, yaani nyuma, upande wa nchi kavu, uikaze kiasi boti isiweze kurudi ikaikalia ile ya mbele, na hiyo ya tezi nayo iwe mbali, isiwe chini ya mashine. Alafu kabla ya kuchagua mahali subiri siku ya bamvua maji yametoka yote, pita kwa miguu eneo zima ambalo boti inaweza kuzunguka, sio pale inaposimama tu. Kwenu Jambiani kuna vigingi vya mwani, vingine vimekatikia chini vimebaki ncha, na kigingi kimoja kinatosha kukutoboa. Ng'oa vilivyoachwa lakini uliza kwanza, kina mama wanavitafutia riziki. Mawe toa. Nanga usiitupe kwenye majani ya bahari, inateleza juu ya mizizi haishiki, itafute mchanga mtupu.

Kuivuta juu kila siku sikushauri. Boti ya futi 22 ukiiburuta mchangani hiyo ni msasa, unaipiga msasa mwenyewe. Kama lazima ipande, ipandishe maji yakiwa yamejaa kabisa ili mvuto uwe mfupi, tia magogo ya mviringo chini, na mashine iwe imeinuliwa. Na wageni usiwapeleke mpaka omo ikwame mchangani na watu kumi ndani, simama maji ya magoti washuke hapo, wakilowa suruali watakausha.

Matengenezo: ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ieke kivulini siku kadhaa ikauke kweli. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuzunguka ule ufa, pakilia kavu pazima, pakilia bubu ndani pameachana, na hapo unasaga mpaka ufike pazima hata kama roho inauma. Alafu mati ya nyuzi za faiba na resini (gundi yake), hadena (dawa ya kuigandisha) asilimia 1 mpaka 2 ya resini kama ni ile ya poliesta, upime, usikadirie kwa macho maana ukizidisha inachemka na kupasuka. Kwenye mkuku ongeza tabaka mbili tatu zaidi ya ulivyokuwa, ndo za kuliwa hizo, zikiisha unapaka tena. Watu wanapiga bamba la stenles kwa skrubu, mimi sipendi, kila tundu la skrubu ni mlango wa maji.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Kilwa Kivinje, nimerithi dau la mbao la baba. Nikaona lisigonge chini, naliacha linaelea muda wote karibu miezi mitano. Sasa linavuja na nimeona vitundu vidogo kama vya pini. Nizibe na nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuondokewa. Usizibe. Hao ni wadudu wanaokula mbao, wanaingia wadogo kabisa ndo maana nje unaona tundu la pini, lakini wakiwa ndani wanakua na handaki linakuwa nene. Chukua kisu choma karibu na tundu, kikizama ubao huo umekwisha, badilisha.

Kwa mbao zilizobaki, pandisha dau siku ya bamvua, liegemeze kwenye magadi (miti ya kulishikilia), na gadi likae sambamba na taruma (ubavu wa dau), sio katikati ya mataruma maana ubao utabonyea. Kwangua, choma makuti makavu upitishe moto chini mpaka mbao zishike joto bila kuungua, kalafati (pamba ya kuziba mishono) iliyolegea toa utie pamba mpya, ndo upake deheni yako ya mafuta na chokaa. Wazee hawakuwa wanaacha chombo kielee miezi, walikuwa wanakitoa mara kwa mara na ndo kikadumu. Ila usilisahau juani nalo, mbao zikikauka zinanywea mishono inafunguka, lifunike makuti na ulimwagie maji ya bahari jioni.

SWALI: Fundi, kamba ya nanga iwe mita ngapi? Niko Mafia, navulia karibu na matumbawe na nimeshakatikiwa mara mbili.

JIBU: Hesabu kwa maji yakijaa, sio unavyoyaona wakati unatupa. Mfano umetupa kwenye mita 2 maji yametoka, bamvua ongeza 4, na omo juu ya maji mita 1, jumla 7, zidisha mara 5, kamba mita 35. Kukatika ni matumbawe yanasugua, kwahiyo baina ya nanga na kamba tia mnyororo mita 4 au 5 ulale chini. Na nanga usiitupe juu ya matumbawe yenyewe, hapo Mafia ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995 na hayo matumbawe ndo nyumba ya samaki unaowafuata. Pakiwa na boya funga kwenye boya, pasipokuwa na boya rudi nyuma mpaka uone chini peupe, ndo utupe.