Pedeli ikizama, usikimbilie kaliba

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003 yenye rimu za inchi 16. Siku za kazi naiendesha Thika Road, na kila baada ya miezi miwili naipeleka uwanja wa mbio wa Whistling Morans kule Athi River kujipima na saa. Mara ya mwisho, mzunguko wa tano, pedeli ya breki ilizama karibu na sakafu. Nikaipampu, ikashika. Kuna mtu Kirinyaga Road ana kaliba (zile koleo zinazobana pedi kwenye diski) za Brembo, zilizotoka Impreza STI, ndugu yake WRX mwenye nguvu zaidi; ni za mtumba, za mbele tu. Nizichukue? Au nianze na diski zenye matundu?
Msomaji, Ruaka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo pesa zibaki mfukoni kwanza, kwa sababu pedeli yako imekwisha kukwambia ugonjwa.

Breki zikizidiwa na joto husema kwa njia mbili. Pedeli ikibaki ngumu mguuni na gari halisimami, pedi ndizo zimeungua. Ikizama, na ukiipampu inarudi, mafuta ya breki yamechemka. Kilichomo ndani ya paipu ni mvuke, na mvuke hubanwa kama puto. Mguu unashuka, pistoni hazisukumwi. Hilo nalijua kwa mwili wangu. Mwaka 1998 nilikuwa nikiteremka Mai Mahiu na gari la mteja, pedeli ikaenda chini na mbele yangu kuna lori. Gia ya pili ndiyo iliyoniokoa. Nilipofungua mafuta yale yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata gari likiwa limeegeshwa. Daraja lake huandikwa kwa jina DOT: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260, na 180 ikishalowa. Wewe weka 5.1, au DOT 4 ya mashindano, na ubadilishe yote kila mwaka. Usichukue DOT 5 kwa kudhani ni ile ile. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na ulizo nazo.

Ukimaliza hapo, nunua pedi. Ukisimamisha gari kutoka kilomita 120 kwa saa, breki zinameza joto mara mbili na robo ya lile la kutoka 80, na uwanjani unafanya hivyo kila kona bila kupumzika. Pedi za kawaida hazistahimili. Lakini za mashindano matupu nakukataza kabisa: asubuhi zikiwa baridi hazishiki vizuri, na wewe unaingia Thika Road kukiwa na matatu zinazosimama popote. Omba za kati, za barabarani zenye uwezo wa joto kubwa. Zitapiga kelele kidogo na kuchafua rimu. Vumilia.

Pedi mpya zifunde. Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, punguza mwendo kutoka 80 hadi 20 mara kumi bila kusimama kabisa, kisha tembea polepole mpaka zipoe.

Sasa zile Brembo. Kaliba ni nzuri, sizisemi vibaya. Ila diski yake ya mbele ni milimita 326, yako ni 294, na rimu ya inchi 16 haitaingia juu yake. Kwa hiyo unanunua na rimu za 17 na tairi nne. Tena muulize zilitoka STI ya mwaka gani: kuanzia toleo la 2005 mashimo ya nati yalibadilika kutoka 5x100 (matano kwenye duara la milimita 100) kuwa 5x114.3, na diski za hizo hazikai kwenye habu yako, yaani kitovu gurudumu linapofungwa. Ukifunga za mbele peke yake, nyuma itabaki nyonge na mizani ya gari itaharibika. Pesa ya tairi mpya itakufaa zaidi, maana kinachoshika lami ni tairi.

Diski zenye matundu usiziguse. Kwa joto la uwanjani nyufa huanzia kwenye matundu hayo. Chukua za kawaida zenye uwazi wa kupitisha hewa katikati, au zenye mifereji.

Mzunguko wa mwisho uendeshe taratibu bila kugusa breki sana, na ukiegesha usivute handibreki. Acha kwenye gia, weka jiwe nyuma ya gurudumu, upoe wewe na gari.